Mwenza wa mtumishi wa umma ni nani? Sheria inavyoamua wa kupata mafao na wa kubaki nje

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

MTUMISHI wa umma anayehamishiwa Bariadi hukutana na neno moja karibu katika kila fomu anayojaza: mwenza. Neno hilo lipo kwenye fomu ya bima ya afya, lipo kwenye madai ya nauli za uhamisho na lipo kwenye kumbukumbu za mfuko wa pensheni. Siku akifariki, litakuwapo tena kwenye karatasi ambazo ndugu zake watazibeba kwenda kudai mafao.

Neno lenyewe halina jinsia. Kiswahili kina mke na kina mume, lakini mwenza ni neno pana linaloweza kumbeba yeyote kati yao, na ndiyo maana lilipendwa na watengeneza fomu. Linaokoa nafasi kwenye karatasi na halimlazimishi mwandishi kuandika maneno mawili yaliyotenganishwa na mkwaju.

Hata hivyo, sheria iliyo nyuma ya fomu hiyo ina jinsia, tena imeitaja waziwazi. Ndiyo sababu swali ambalo limezitikisa serikali kadhaa duniani kwa zaidi ya miaka 25 sasa, yaani iwapo mwenza wa jinsia moja wa mtumishi wa serikali astahili mafao sawa na ya mke au mume, hapa nchini halifiki hata mezani kwa ofisa utumishi.

Makala haya hayakusudii kumwambia msomaji aunge mkono au apinge. Yanaeleza mafao yenyewe ni yapi, sheria ya Tanzania inamhesabu nani kuwa mwenza, nchi nyingine zilifuata njia gani kufikia uamuzi tofauti, na kwa nini jambo hilo linaloonekana la mbali linawagusa pia wanawake na wanaume wa Simiyu ambao hawana uhusiano wowote na mapenzi ya jinsia moja.

Kinachogombewa

Wengi wakisikia "mafao" hufikiria pensheni ya uzeeni pekee. Kwa mtumishi wa umma mafao ni zaidi ya hayo, na sehemu kubwa yake haimhusu yeye bali watu walio nyuma yake.

Tuanze na matibabu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ulijengwa juu ya makato ya asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri. Kwa makato hayo, mtumishi alipewa nafasi ya kuwaandikisha watu sita: yeye mwenyewe, mwenza wake na wategemezi wanne. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imepanua wigo wa wanaotakiwa kuwa na bima, lakini haikugusa tafsiri ya ndoa.

Kwa mwalimu wa Meatu au muuguzi wa Busega, nafasi ya mwenza kwenye kadi hiyo si jambo la karatasi tu. Ni tofauti kati ya kumlaza mgonjwa hospitali kwa kadi na kuuza ng'ombe wawili ili kulipia upasuaji.

Kisha kuna safari. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinampa mtumishi nauli ya likizo na ya uhamisho, na nauli hiyo huhesabiwa kwake, kwa mwenza na kwa watoto au wategemezi hadi wanne. Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, kwa kumega maeneo ya Shinyanga na Mwanza, Bariadi iligeuka ghafla kutoka makao makuu ya wilaya na kuwa makao makuu ya mkoa. Ofisi mpya zilihitaji watu, na watu hao walitoka mikoa mingine wakiwa na familia zao. Aliyekuwa na mwenza anayetambulika alilipiwa safari ya watu wawili. Asiye naye alilipiwa ya mtu mmoja, hata kama nyumbani walikuwa wawili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inatoa likizo ya malipo ya angalau siku nne pale mfanyakazi anapofiwa na mwenza, mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Aliyefiwa na mtu asiye kwenye orodha hiyo atatakiwa kuwa kazini kesho yake, au aombe hisani ya mkuu wake wa kazi.

Fungu zito kuliko yote ni la kifo. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018 baada ya kuunganishwa kwa PSPF, LAPF, PPF na GEPF, hupokea asilimia 20 ya mshahara wa mtumishi: asilimia 5 kutoka kwake na asilimia 15 kutoka kwa mwajiri. Mwanachama akifariki, mafao huenda kwa wategemezi wake, mjane au mgane na watoto wakiwa mbele.

Hapa ni vyema kutofautisha mambo mawili ambayo wananchi wengi huyachanganya. Shamba, nyumba au ng'ombe ni mali ya marehemu, na mtu anaweza kuvielekeza kwa wosia ndani ya mipaka ya sheria inayomhusu. Mafao ya mfuko hufuata sheria ya mfuko. Mtumishi hawezi kukaa chini usiku mmoja akaandika kwamba pensheni ya wategemezi ilipwe kwa rafiki yake mpenzi, kwa jirani aliyemuuguza au kwa dada yake aliyeishi naye miaka 20. Orodha ya wanaostahili imekwisha kuandikwa na Bunge.

Ndiyo maana tafsiri ya neno moja inabeba fedha nyingi kiasi hicho. Mtumishi mseja hukatwa kwa viwango vilevile na mwenzake mwenye ndoa. Tofauti ipo kwenye nani atafaidi.

Kifungu cha 9

Sheria ya Ndoa Namba 5 ya mwaka 1971 ni sheria ya aina yake katika ukanda huu. Iliziweka chini ya paa moja ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali, zile ambazo wengi huziita za bomani. Iliruhusu ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi. Kwa wakati wake, ilikuwa sheria yenye mikono mipana.

Lakini kifungu chake cha 9 kinasema ndoa ni muungano wa hiari kati ya mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu kwa muda wa maisha yao. Kila fomu yenye neno mwenza inaegemea hapo. Mfuko wa bima, mfuko wa pensheni na idara ya utumishi hazina mamlaka ya kumtambua mwenza ambaye sheria ya ndoa haimtambui.

Juu ya kifungu hicho kuna Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 154 kinafanya kuwa kosa kumwingilia mtu kinyume cha maumbile, na tangu marekebisho ya mwaka 1998 yaliyotokana na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, adhabu yake ni kifungo cha maisha na kwa vyovyote isiyopungua miaka 30. Zanzibar, yenye sheria yake ya adhabu, ilikwenda mbali zaidi mwaka 2004 kwa kutaja uhusiano wa jinsia moja wa wanaume na wa wanawake, pamoja na kufunga ndoa ya aina hiyo au kuishi pamoja kwa mtindo huo.

Matokeo yake ni kwamba mtumishi mwenye mpenzi wa jinsia yake hana namna ya kuomba. Fomu ya kumwandikisha mwenza, ambayo kwa wengine ni ombi la kawaida, kwake ni sawa na maelezo ya mtuhumiwa aliyoyaandika kwa mkono wake na kuyasaini. Akikataliwa hawezi kukata rufaa, kwani rufaa ingemtaka athibitishe kile ambacho sheria inakihesabu kuwa jinai.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 nayo inakataza ubaguzi kazini kwa kutaja misingi mingi: rangi, kabila, dini, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri, kuishi na virusi vya Ukimwi na mingineyo. Mwelekeo wa kimapenzi haumo katika orodha hiyo.

Wake wa wanawake, ng'ambo ya mpaka wa mkoa

Ukitoka Bariadi kuelekea kaskazini unaingia Mkoa wa Mara. Huko, miongoni mwa Wakurya wa Tarime na Serengeti, ipo mila ambayo msomaji wa mjini anaweza kuistaajabia: nyumba ntobhu, jina ambalo wengi hulifasiri kuwa nyumba ya wanawake.

Katika mila hiyo, mwanamke mtu mzima, mara nyingi mjane, asiye na mtoto au asiye na mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe wa mahari na kuoa mwanamke mwingine, kwa kawaida mdogo kwake. Mke huyo huzaa na mwanamume, na watoto huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mwanamke aliyetoa mahari. Kwa njia hiyo jina la nyumba halipotei, na mali haiondoki kwenda kwa ndugu wa mume.

Ieleweke vema kwamba wenyewe hawauoni huu kuwa uhusiano wa kimapenzi. Ni mkataba wa uzazi, urithi na matunzo ya uzeeni. Mwandishi anautaja hapa kwa sababu nyingine: unaonyesha kwamba katika nchi yetu wanawake wawili wanaweza kuishi nyumba moja, wakalea watoto pamoja, jamii ikawatambua kuwa mke na mwoaji wake, mahari ikalipwa mbele ya mashahidi, na bado kifungu cha 9 kisiwaone.

Tuchukulie mwalimu wa kike wa shule ya msingi wilayani Tarime aliyeoa kwa mila hiyo. Kijiji kizima kinajua mke wake ni nani. Ofisa utumishi, hata kama naye ni Mkurya na alikula nyama siku ya mahari, hawezi kuliandika jina hilo kwenye nafasi ya mwenza.

Nchini Kenya, ambako mila kama hiyo ipo kwa Wanandi na jamii nyingine, suala hilo limekwisha kufika mahakamani. Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa, mbele ya Jaji Jackton Ojwang, ilisikiliza shauri la mirathi ya mwanamke wa Kinandi aliyekuwa ameoa mwanamke mwenzake kwa mila. Ndugu wa marehemu walipinga. Jaji aliamua kwamba mke huyo na watoto wake ni warithi halali kwa mujibu wa mila ya Wanandi.

Uamuzi huo ulitolewa wakati Katiba mpya ya Kenya ya mwaka 2010 ikiwa imekwisha kutamka, katika ibara ya 45, kwamba kila mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Mahakama haikuhalalisha ndoa za wapenzi wa jinsia moja, na haikuombwa kufanya hivyo. Ilichokitambua ni mila. Lakini kwa mjane yule matokeo yalikuwa yaleyale ambayo mjane yeyote huyatafuta: hakuondolewa kwenye nyumba.

Walioamua vingine

Nchi zilizowapa mafao wenza wa jinsia moja wa watumishi wa serikali hazikufika hapo kwa njia moja. Nyingine zilipitia mahakamani, nyingine kwa waraka wa kiongozi, na taasisi moja kubwa ilibadili tu kanuni yake ya ndani.

Afrika Kusini ilipitia mahakamani. Katiba yake ya mwaka 1996 inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, na mwelekeo wa kimapenzi umetajwa kwa jina. Mwaka 1998 ofisa mwanamke wa polisi alishinda kesi dhidi ya uamuzi wa kumkatalia mwenza wake wa kike nafasi kwenye mpango wa matibabu wa polisi.

Kesi iliyojulikana zaidi ilifunguliwa na jaji. Kathleen Satchwell wa Mahakama Kuu alitaka mwenza wake wa kike, waliyeishi pamoja tangu miaka ya 1980, apate mafao ambayo mke au mume wa jaji mwingine angeyapata, ikiwamo pensheni iwapo jaji angefariki. Sheria ya mishahara na masharti ya kazi ya majaji ilimtaja mke au mume pekee.

Julai 2002 Mahakama ya Katiba ilikubaliana naye, na sababu zake zinastahili kusomwa kwa utulivu. Mahakama haikusema kwamba kila anayeishi na mtu apewe pensheni. Ilisema kwamba wapenzi wa jinsia tofauti wasiooana wangeweza kuoana wakitaka, wakati wapenzi wa jinsia moja walizuiwa na sheria kuoana. Kuwadai ndoa watu ambao sheria hiyohiyo inawakatalia ndoa ni kuwafungia mlango mara mbili. Mahakama ikaamuru maneno yaongezwe kwenye sheria ili imhusu pia mwenza wa kudumu wa jinsia moja, ikiwa wawili hao wamechukua wajibu wa kutunzana. Wajibu huo ndio uliokuwa sharti, na mwombaji alitakiwa kuuthibitisha. Miaka minne baadaye, Novemba 2006, nchi hiyo ikapata sheria inayoruhusu ndoa za jinsia moja.

Marekani mambo yalianza kwa waraka. Juni 17, 2009 Rais Barack Obama alisaini maelekezo ya kuwapa wenza wa jinsia moja wa watumishi wa serikali ya shirikisho baadhi ya mafao: kuingizwa kwenye bima ya matunzo ya muda mrefu, na mtumishi kuruhusiwa kutumia likizo yake ya ugonjwa kumuuguza mwenza. Kwa wanadiplomasia, wenza wao waliingizwa katika huduma za matibabu na za kuhamishwa kwa dharura katika vituo vya nje.

Bima ya afya yenyewe na pensheni hazikuguswa. Sababu ilikuwa sheria ya mwaka 1996 iliyotafsiri ndoa, kwa mambo yote ya serikali ya shirikisho, kuwa kati ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Rais, pamoja na mamlaka yake yote, alikwama mbele ya tafsiri ileile ambayo ofisa utumishi wa Bariadi hukutana nayo: waraka hauwezi kuishinda sheria iliyotungwa na bunge.

Aliyeiangusha hakuwa mtumishi wa serikali bali mama mzee wa New York, Edith Windsor. Alikuwa amefunga ndoa na mwenza wake, Thea Spyer, huko Toronto nchini Kanada mwaka 2007. Spyer alipofariki mwaka 2009, Windsor alitozwa kodi ya mirathi ya zaidi ya dola 363,000, ambayo mjane wa ndoa ya kawaida asingelipa. Juni 26, 2013 Mahakama ya Juu ilibatilisha sehemu hiyo ya sheria.

Baada ya hukumu hiyo, ofisi inayosimamia ajira za serikali ya Marekani ilifungua bima ya afya na mafao ya wajane kwa wenza wa jinsia moja, lakini kwa waliofunga ndoa halali pekee. Waliokuwa wakiishi pamoja bila cheti walibaki nje, kama walivyobaki wapenzi wa kike na wa kiume wasio na cheti. Miaka miwili baadaye, Juni 2015, mahakama hiyohiyo ilihalalisha ndoa za jinsia moja nchi nzima.

Njia ya tatu iko karibu nasi zaidi. Upande wa mashariki Simiyu inapakana na Arusha, na mjini Arusha kuna mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyorithi shughuli za Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda. Nairobi nako kuna makao makuu ya umoja huo katika eneo la Gigiri. Watumishi wa ofisi hizo hawatumii Kanuni za Kudumu za Tanzania wala za Kenya.

Hadi mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulitambua ndoa ya mtumishi kwa kufuata sheria ya nchi aliyo raia wake. Juni 26 mwaka huo Katibu Mkuu Ban Ki-moon alibadili kipimo: ndoa itambuliwe kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Kwa badiliko hilo, mtumishi aliyefunga ndoa ya jinsia moja katika nchi inayoiruhusu, awe raia wa nchi yoyote, mwenza wake anapata bima na mafao mengine ya umoja huo.

Urusi ilipinga na kupeleka azimio la kufuta uamuzi huo. Machi 2015 lilipigiwa kura katika kamati ya Baraza Kuu inayoshughulikia bajeti na utawala. Nchi 43 ziliunga mkono Urusi, 80 zilikataa na 37 hazikuegemea upande wowote. Uamuzi wa Ban ukabaki.

Isidhaniwe kwamba waraka huo ulibadili sheria ya nchi mwenyeji. Mtumishi wa kimataifa aliye Arusha anaweza kuwa na mwenza anayetambuliwa na mwajiri wake, na papo hapo Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ikaendelea kuwa palepale ilipo. Hivyo, kati ya Mara na Arusha, Simiyu imekaa katikati ya tafsiri mbili za mwenza ambazo kitabu cha sheria cha Tanzania hakizitambui: moja ya mila ya kale na nyingine ya mwajiri wa kimataifa.

Hoja za pande mbili

Wanaopinga mafao hayo hapa nchini, nao ndio wengi wa wanaosikika, husimama juu ya dini, mila na ile imani kwamba familia ni baba, mama na watoto. Wapo pia wanaosema fedha za umma zisitumike kulipia uhusiano ambao sheria ya umma inaukataza. Hoja hii ya mwisho ina mantiki yake, na asiyekubaliana nayo inambidi aanze na sheria ya jinai kabla ya kufika kwenye mafao.

Wanaounga mkono husema mafao ni sehemu ya ujira. Mtumishi ameyafanyia kazi na amekatwa mshahara, kwa hiyo kumpa mmoja thamani ya watu wawili na mwingine thamani ya mtu mmoja kwa kazi ileile ni kuwalipa tofauti. Hoja hii nayo haianguki kirahisi, na inamsaidia pia mseja anayemtunza dada yake mgonjwa.

Kwa maoni ya mwandishi, somo lililo wazi katika mifano ya nje ni hili: kila mahali mafao yalifuata ndoa. Afrika Kusini yalitangulia kidogo kwa mkono wa mahakama, Marekani yalijaribu kutangulia yakakwama. Anayetaka kuyapinga au kuyadai kupitia kwa ofisa utumishi amekosea mlango. Kwa Tanzania mazungumzo, yakiwapo, yataanzia bungeni, kwenye kifungu cha 9 na cha 154, na hapo ndipo kila upande utapaswa kusema wazi unataka nini.

Walio ndani ya sheria lakini nje ya karatasi

Wakati hayo yakijadiliwa, wapo watu ambao tafsiri ya mwanamume na mwanamke inawakubali kabisa na bado wanabaki nje kwa kukosa karatasi.

Katika vijiji vya Itilima, Maswa na Bariadi, ndoa nyingi huanza kwa ng'ombe. Pande mbili hukaa, mahari hutajwa, mifugo huhama zizi, bibi arusi huhama nyumba. Mara nyingine mahari hulipwa nusu na nyingine huahidiwa baada ya mavuno ya pamba. Cheti hakimo katika mpango huo. Kijana aliyeoa hivyo akiajiriwa kuwa mwalimu au mtendaji, mke wake ni mke mbele ya watu wote isipokuwa mbele ya fomu, kwani mfuko wa bima na wa pensheni huomba nakala ya cheti cha ndoa.

Wengine hawakupitia hata kwenye mahari. Walikutana kazini, wakapanga chumba kimoja Bariadi mjini, wakapata watoto. Kwa hao, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinatoa kinga: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na jamii ikawachukulia kuwa mke na mume, sheria huwadhania kuwa wameoana.

Wananchi wengi hukijua kifungu hicho kwa nusu. Husema "tukishakaa miaka miwili tumeoana". Sivyo. Ni dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi, na ndugu wa marehemu wanaoitaka fedha hujua kuipinga. Aidha, kama mwanamume alikuwa na ndoa ya Kikristo ya mke mmoja ambayo haijavunjwa, hakuwa na uwezo wa kisheria wa kuoa tena, na miaka kumi ya kuishi na mwanamke wa pili haimpatii huyo hadhi ya mke. Watoto wao hubaki na haki zao, lakini mama hana lake.

Zaidi ya hapo, dhana hiyo huthibitishwa mahakamani. Mjane anatakiwa kuleta majirani, barua za serikali ya mtaa, picha, kadi za kliniki za watoto, wakati tayari amefiwa na pengine amekwisha kutolewa kwenye nyumba. Ni mzigo ambao Jaji Satchwell aliweza kuubeba akiwa hai, akiwa na mshahara na elimu ya sheria. Mama lishe wa Bariadi hubebeshwa akiwa na kitenge cha msiba kiunoni.

Tofauti yake na mwenza wa jinsia moja ni kwamba yeye anao mlango, ingawa ni mwembamba, na unaweza kufunguliwa mapema. Kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa, waliooana kimila wanatakiwa kuomba kusajili ndoa yao ndani ya siku 30, na waliochelewa wanaweza kuomba kusajiliwa baadaye. Kutosajili peke yake hakuibatilishi ndoa iliyofungwa kihalali. Walioishi pamoja bila ndoa yoyote, na wasio na kizuizi, wanaweza kufunga ndoa ya kiserikali katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya baada ya kutoa taarifa ya siku 21.

Cheti kikishapatikana, mtumishi apeleke nakala kwa ofisa utumishi wake na kwenye mifuko yote miwili, wa bima na wa pensheni, kila mmoja kwa fomu yake, kwani kubadili taarifa katika mmoja hakubadili katika mwingine.